Namna ya Kutathmini Hatari ya Tetemeko la Ardhi kwa Jiji la Pwani: Mfano wa Dar es Salaam

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya saa mbili, wakazi wengi wa Dar es Salaam walijikuta wamesimama nje ya nyumba zao wakiulizana kama kila mmoja amelisikia. Tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6, ambalo kitovu chake kilikuwa baharini kusini-mashariki mwa jiji, lilisikika Zanzibar na likafika hadi Mombasa. Halikuleta maafa, na kwa sababu hiyo lilisahaulika upesi, ilhali swali lililozuka usiku ule bado linadai jibu: mtikisiko ungekuwa mkubwa kiasi gani kama kitovu kingekuwa karibu zaidi, au kama nguvu iliyoachiliwa ingekuwa kubwa zaidi?

Mwongozo huu unamhusu mhandisi wa halmashauri, mpangaji miji, mwanafunzi wa jiolojia, na mtu yeyote aliyepewa kazi ya kujibu swali hilo kwa maandishi. Hakuna mtu awezaye kutaja siku au saa ya tetemeko lijalo, na anayedai kufanya hivyo asisikilizwe. Kinachowezekana ni kukadiria uwezekano wa mtikisiko wa nguvu fulani kutokea mahali fulani katika muda fulani, na kuonyesha ni mitaa ipi itaumia zaidi. Msimamo wangu, ambao utaonekana katika mgawanyo wa kurasa hizi, ni kwamba katika jiji la pwani udongo ulio chini ya nyumba na nguzo zinazoibeba nyumba huamua mengi kuliko umbali wa kitovu, na kwamba tathmini nyingi hukosea kwa kumaliza nguvu zote kwenye ramani ya nyufa za ardhi na kuufikia udongo zikiwa zimechoka.

Hatua ya kwanza: Weka wazi unachotathmini

Kabla ya kufungua kompyuta, andika kwa sentensi mbili au tatu kama unatathmini hatari au hasara. Hatari ni mtikisiko wenyewe: ardhi itatikisika kwa nguvu gani na mara ngapi. Hasara ni kinachopatikana pale hatari inapokutana na watu na majengo. Jangwa lisilo na mtu linaweza kuwa na hatari kubwa na hasara ndogo, na mtaa wenye msongamano unaweza kuwa na hatari ya wastani na hasara isiyovumilika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa jiji la namna hiyo haifai kuishia kwenye hatari peke yake.

Chagua pia muda wa kujirudia utakaoutumia. Wahandisi wa majengo ya kawaida wamezoea mtikisiko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kuvukwa katika miaka 50, ambao kwa hesabu ni sawa na muda wa kujirudia wa miaka 475. Kwa hospitali, mabwawa na matangi ya mafuta hutumika kiwango kikali zaidi, kama asilimia 2 katika miaka 50, yaani takriban miaka 2,475. Namba hizi huwapotosha wengi. Miaka 475 haimaanishi kwamba tukipata tetemeko leo tutapumzika karne nne na nusu. Ni wastani wa muda mrefu sana, na matetemeko mawili yanaweza kufuatana katika kizazi kimoja. Maelezo hayo yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, kwa lugha ambayo diwani ataielewa bila kumwita mtaalamu.

Hatua ya pili: Orodhesha vyanzo vya matetemeko

Afrika Mashariki inapasuka polepole. Bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilichobeba mwambao wetu, linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kwa mwaka, na kati yao kuna mabamba madogo, likiwamo la Victoria na lile linaloitwa la Rovuma. Wengi wakisikia habari hii huwaza Bonde la Ufa la bara peke yake, yaani Ziwa Natron, Manyara, Rukwa, Tanganyika na Nyasa. Matetemeko makubwa zaidi yaliyorekodiwa nchini ni ya huko kweli: lile la Rukwa la Desemba 1910 linakadiriwa kuwa na ukubwa wa takriban 7.4, na lile la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Hata hivyo, ufa una tawi lingine chini ya bahari. Uchunguzi wa tabaka za chini ya bahari, ambao sehemu kubwa yake ulifanywa kwa ajili ya kutafuta mafuta na gesi, umeonyesha nyufa changa na mabonde yanayoendelea kufunguka kandokando ya Mgongo wa Davie, safu ya miinuko ya chini ya bahari inayoanzia Mlango wa Msumbiji na kupanda kaskazini kuelekea pwani ya Tanzania.

Kwa hiyo chora duara la kilomita 300 hivi kuzunguka jiji, kisha ongeza vyanzo vikubwa vilivyo nje ya duara hilo, kwa sababu mawimbi yanayoyumba polepole kutoka mbali huyafikia majengo marefu bila kupungua sana. Kwa Dar es Salaam utakuwa na angalau makundi matatu: nyufa za baharini upande wa mashariki na kusini-mashariki, matawi ya Bonde la Ufa upande wa magharibi, na kundi la tatu ambalo watathmini wanaoanza hulisahau, yaani matetemeko yanayotokea pasipo ufa uliochorwa kwenye ramani yoyote. Mfano wa kundi la tatu haupo mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera kutoka kina cha takriban kilomita 40, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani, mahali ambapo wachache waliwahi kupahesabu kuwa pa hatari. Yeyote aliyechora hatari kwa kufuata mistari ya nyufa zinazojulikana pekee angeiacha Bukoba ikiwa nyeupe kwenye ramani yake.

Hatua ya tatu: Tengeneza orodha ya matetemeko, kisha uisafishe

Orodha za kimataifa zinapatikana bure. Kituo cha Kimataifa cha Seismolojia kilichoko Uingereza na idara ya jiolojia ya Marekani hutoa tarehe, saa, mahali, kina na ukubwa wa kila tetemeko lililonaswa. Hapa nchini omba kumbukumbu za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, na za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Seismomita, yaani vyombo vya kunasa mitetemo ya ardhi, zilizowekwa kwa muda na watafiti, kama zile za mradi wa mwaka 1994 na 1995 uliopita katikati ya nchi, zilinasa mitetemo midogo ambayo haimo kwenye orodha za kimataifa.

Ukishapata data, usianze kuhesabu. Orodha ghafi ina makosa ya aina tatu. Kwanza, tetemeko moja huandikwa mara mbili au tatu na vituo tofauti, kila kimoja na kitovu chake. Pili, ukubwa huandikwa kwa vipimo mbalimbali visivyolingana, kwa hiyo vyote vigeuzwe kuwa kipimo kimoja, na kinachopendekezwa leo ni kile cha momenti, kinachotokana na eneo la ufa lililoteleza na umbali lilioteleza. Tatu, tetemeko kubwa hufuatwa na mitetemo mingi midogo katika siku na miezi inayofuata, na ukiihesabu yote kana kwamba ni matukio huru utaona shughuli kubwa kuliko iliyopo.

Baada ya hapo jiulize orodha inaaminika tangu lini. Kabla ya miaka ya 1960, ulipoenea mtandao wa vituo vya kimataifa, tetemeko la ukubwa wa 5 lililotokea katikati ya bahari yetu lingeweza kupita bila mtu kuliandika. Kimya cha miaka ile ni kimya cha vyombo, si cha ardhi. Kwa kila ngazi ya ukubwa, andika mwaka ambao kuanzia hapo unaamini hakuna lililopotea, na uhesabu kuanzia mwaka huo tu.

Yaliyotangulia vyombo yatafutwe kwingine: katika kumbukumbu za misheni, katika barua na ripoti za utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, katika magazeti ya zamani, katika masimulizi ya wazee, na katika ardhi yenyewe. Karibu na mdomo wa mto Pangani watafiti walichimba na kukuta tabaka la mchanga ulioletwa na tsunami takriban miaka 1,000 iliyopita, likiwa na mifupa ya watu ndani yake, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Hakuna orodha ya kompyuta iliyokuwa na tukio hilo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu pwani yetu ina watu walioishi kwa kuandika kwa karne nyingi, na bado hatujazipekua karatasi zao tukiwa na swali la tetemeko akilini.

Hatua ya nne: Hesabu mara ngapi

Mwaka 1944 wataalamu wa matetemeko Gutenberg na Richter walionyesha kanuni rahisi ambayo bado inatumika: kwa kila ngazi moja ya ukubwa unayopanda, idadi ya matetemeko hupungua kwa takriban mara kumi. Chukua mfano wa kufundishia. Tuseme orodha iliyosafishwa ina matetemeko 20 ya ukubwa wa 4.5 au zaidi katika miaka 40, katika eneo lote ulilolichora. Hiyo ni nusu tetemeko kwa mwaka. Yale ya 5.5 au zaidi yatakuwa 0.05 kwa mwaka, yaani moja katika miaka 20, na yale ya 6.5 au zaidi yatakuwa 0.005 kwa mwaka, yaani moja katika miaka 200. Uwezekano wa kupata angalau moja la namna hiyo katika miaka 50 ni takriban asilimia 22. Kumbuka kwamba hilo ni tetemeko mahali popote ndani ya eneo zima, ambalo linaweza kutokea kilomita 280 kutoka jiji, kwa hiyo namba hii bado si hatari ya jiji.

Namba moja haitoki kwenye data bali kwenye uamuzi wako: ukubwa wa juu kabisa unaoweza kutokea katika kila chanzo. Usichukue tu kubwa lililowahi kurekodiwa. Mwezi Februari 2006 tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilitokea Machaze, kusini mwa Msumbiji, likaipasua ardhi hadi juu katika eneo ambalo halikutarajiwa kutoa tetemeko la kiasi hicho. Weka makadirio mawili au matatu, yape kila moja uzito, na ueleze kwa nini.

Hatua ya tano: Punguza mtikisiko kwa umbali

Hapa kazi ni ya milinganyo inayoeleza mtikisiko unavyofifia mawimbi yanaposafiri kutoka kitovuni. Kwa kuwa Afrika Mashariki ina rekodi chache za mtikisiko mkali, tutalazimika kuazima milinganyo iliyotengenezwa kwingine. Usiazime mmoja. Chagua kadhaa, ya maeneo ambayo ganda la dunia linavutwa kama letu na ya maeneo ya ganda la kale lililo imara, ambamo mawimbi husafiri mbali zaidi kabla ya kufifia, kisha uiunganishe kwa uzito. Programu ya OpenQuake ya taasisi ya GEM ya Italia hufanya hesabu hii bila malipo, na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Matokeo yake ni mtikisiko juu ya mwamba mgumu. Lakini wangapi katika Dar es Salaam wamejenga juu ya mwamba mgumu?

Hatua ya sita: Shuka chini ya nyumba

Tenga kwa hatua hii muda mwingi kuliko nyingine yoyote. Tetemeko la Meksiko la tarehe 19 Septemba 1985 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu, lakini likaua maelfu ya watu katika mji mkuu huo, kwa sababu sehemu yake imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale. Tabaka lile lilichezacheza kwa mpigo, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, wa takriban sekunde 2, na majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa yale ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo mpigo wake ulisogea karibu na ule wa udongo kadiri yalivyolegea kwa kutikiswa.

Jambo hili linaeleweka kwa kutazama bembea. Ukimsukuma mtoto ovyo, bembea haiendi. Ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole, atapaa. Udongo una mpigo wake, na jengo lina mpigo wake. Mpigo wa jengo la zege hukadiriwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa, kwa hiyo ghorofa nne zina takriban sekunde 0.4. Mpigo wa tabaka laini hupatikana kwa kuzidisha kina chake mara nne na kugawanya kwa kasi ya mawimbi ya S, yale yanayoitikisa ardhi kwa kuikata kingamo wakati yakisafiri, ndani yake. Tabaka la mita 20 lenye kasi ya mita 200 kwa sekunde lina mpigo wa sekunde 0.4. Jengo la ghorofa nne juu ya udongo huo ni mtoto anayesukumwa kila anaporudi, wakati lile la ghorofa kumi na tano pembeni yake huenda likapata mtikisiko hafifu zaidi kutoka kwenye tabaka hilo hilo.

Anza na ramani ya jiolojia. Dar es Salaam si kitu kimoja. Kwenye rasi ya Msasani na Oysterbay mwamba wa matumbawe ya kale unaonekana kwa macho pale maji yanapokupwa. Nyuma yake kuna uwanda wa mchanga, na zaidi magharibi vilima vya Pugu vyenye mawe ya mchanga na kaolini. Kati ya hayo yote bonde la Msimbazi limekata njia yake hadi baharini, likiwa limejaa mchanga na tope la mto, na anayepita Jangwani wakati wa masika hahitaji kuelezwa kwamba maji yapo karibu na uso wa ardhi. Mabonde ya Kizinga na Mzinga upande wa kusini ni ya namna hiyo hiyo.

Kisha tafuta visima. Jiji hili limechimbwa mno, kwa kuwa watu wamejitafutia maji kwa miongo mingi, na mchimbaji mwenye kibali huandika alichokikuta katika kila mita. Taarifa hizo zitafutwe kwenye bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu. Miradi mikubwa nayo, kama Daraja la Kigamboni, Daraja la Tanzanite, reli ya kisasa na barabara za mabasi yaendayo haraka, haikujengwa bila kupima udongo, na ripoti zake zipo kwenye makabati ya wenye miradi. Kuziomba kwa barua rasmi hugharimu subira, lakini kila ripoti unayoipata ni shimo usilolipia.

Nakushauri ushuhudie angalau uchimbaji mmoja kwa macho yako. Sampuli hupangwa chini kwenye mifuko ya plastiki, mfuko kwa kila mita: wa kwanza una kifusi na vipande vya matofali, wa tatu mchanga wa kijivu unaovuja maji ukiuminya, wa saba mchanga ule ule ukiwa na magamba ya kombe, na huko chini zaidi udongo wa mfinyanzi unaong'ang'ania kidole. Katikati ya uchimbaji nyundo ya kilo 63.5 huachiwa idondoke sentimita 76 juu ya bomba, na fundi huhesabu kwa sauti mapigo yanayohitajika kulishusha bomba sentimita 30. Akiishia sita au saba, mchanga umelegea. Akivuka thelathini, umeshikana. Hesabu ile ya fundi, ikiwa imeandikwa kwa uaminifu, ina thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Kwa mitaa isiyo na visima tumia seismomita ndogo inayopima minong'ono ya ardhi, yaani mitetemo midogo isiyokoma inayotokana na mawimbi ya bahari na magari. Tafuta ardhi iliyoshindiliwa, si nyasi wala zege lililoinuka, kisawazishe chombo mpaka kipovu kikae katikati, kiache kwa nusu saa, na uandike kila kinachopita: lori, pampu ya maji, watoto wakicheza. Usiku hufaa zaidi, bodaboda zikiwa zimepungua. Uwiano wa mtikisiko wa mlalo kwa ule wa wima hutoa kilele, na kilele hicho ndicho mpigo wa udongo wa mahali pale. Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kwenda, na umweleze kwamba hutafuti madini wala hupimi viwanja vya watu kwa ajili ya kuwahamisha. Maelezo hayo ya dakika tano huokoa wiki nzima ya manung'uniko.

Ukishakusanya yote, gawa jiji kwa wastani wa kasi ya mawimbi ya S katika mita 30 za juu. Kwa mgawanyo unaotumika Ulaya, kasi inayozidi mita 800 kwa sekunde ni mwamba, 360 hadi 800 ni udongo mgumu sana, 180 hadi 360 ni wa wastani, na chini ya 180 ni laini. Zidisha mtikisiko wa hatua ya tano kwa kigezo cha kila kundi. Matumbawe yatazamwe kwa tahadhari, maana mara nyingi ni gamba gumu lenye mapango ndani na mchanga chini yake, na kasi ya juujuu itakudanganya.

Bado kuna swali la mchanga kugeuka uji. Mchanga uliolegea, uliojaa maji, ulio ndani ya mita 15 au 20 za juu, ukitikiswa vya kutosha hupoteza nguvu yake yote kwa muda: nyumba huzama upande, matangi ya chini hupanda juu, mabomba hukatika. Kwa kila shimo lenye mapigo yaliyohesabiwa na kina cha maji kinachojulikana, fanya ulinganisho wa nguvu ya mchanga na nguvu ya mtikisiko, njia ambayo msingi wake uliwekwa na wahandisi Seed na Idriss mwaka 1971. Tumia kina cha maji cha masika, si cha kiangazi.

Hatua ya saba: Usiisahau bahari

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ukubwa wa 9.1 huko Sumatra lilituma mawimbi yaliyovuka bahari nzima kwa saa kadhaa na kuua watu wasiopungua 10 hapa Tanzania na wengi zaidi Somalia. Chanzo kingine cha mbali ni Makran, pwani ya Pakistani na Irani, palipotokea tetemeko na tsunami mwezi Novemba 1945. Vyanzo hivyo hutoa saa za kujiandaa, na onyo hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Chanzo cha karibu, kama ufa ulio mbele ya pwani yetu au maporomoko ya udongo kwenye miteremko ya chini ya bahari, kingetoa dakika tu, na huko onyo pekee la uhakika ni mtikisiko wenyewe.

Katika hesabu, panga kila tukio mara mbili: maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, na maji yakiwa yamekupwa. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua Dar es Salaam huzidi mita 3, na wimbi la mita 2 likikutana na maji yaliyokupwa huishia ufukweni, bali likikutana na bamvua lililojaa huingia mitaani.

Hatua ya nane: Hesabu nguzo

Tembea. Chagua mitaa michache kwa kila aina ya udongo na uandike kwa kila jengo idadi ya ghorofa, vifaa vya ujenzi, umri wa kukadiria, na umbo la ghorofa ya chini. Jambo la kulitazama kwa makini katika Kariakoo na mitaa inayofanana nayo ni fremu za maduka: ghorofa ya chini imeachwa wazi kwa ajili ya milango ya biashara, ikibebwa na nguzo chache nyembamba, huku ghorofa za juu zikiwa na kuta nzito za bloku. Jengo la namna hiyo likitikiswa, ghorofa ya chini ndiyo huvunjika, na zilizo juu hushuka zikiwa nzima juu ya waliomo. Angalia pia ghorofa zilizoongezwa baadaye juu ya msingi ambao haukuzitarajia, na nondo zilizochomoza darini zikisubiri nyingine.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36, na mwezi Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo na kuua wengine wengi. Siku zote mbili ardhi ilikuwa imetulia. Kwa mtathmini, hicho ni kipimo cha ubora wa zege na usimamizi ambacho hakipatikani kwenye mlinganyo wowote, na hakina budi kuingia kwenye makadirio ya hasara bila kupunguzwa makali ili kumridhisha mtu.

Gawa idadi ya watu kwa mchana na usiku. Kariakoo saa sita mchana na Kariakoo saa nane usiku ni miji miwili.

Hatua ya tisa: Jaribu ramani yako, kisha uikabidhi

Kabla ya kuchapisha, mrudishe msomaji kwenye usiku wa Agosti 2020. Liweke tetemeko lile kwenye mfumo wako na ulinganishe mtikisiko unaotabiriwa na watu walichokisikia. Andaa dodoso fupi: ulikuwa mtaa gani, ghorofa ya ngapi, taa ziliyumba au hazikuyumba, vitu vilidondoka, ulishindwa kusimama? Waulize wakazi wa Msasani, Jangwani, Tabata na Kigamboni. Ikiwa ramani inasema Jangwani ilitikisika zaidi na majibu yanasema vinginevyo, tafuta kosa kabla hujalipaka rangi.

Toa ramani mbili, ya mtikisiko na ya mchanga unaoweza kugeuka uji, pamoja na jedwali la hasara kwa kila kata. Kando ya kila makadirio andika kiwango cha chini na cha juu, si wastani peke yake. Mhandisi anayeidhinisha michoro apewe namba za mtikisiko kwa kila kundi la udongo, mtendaji wa kata apewe orodha ya shule, zahanati na matangi yaliyo kwenye udongo laini, na faili zote za visima, za mapigo ya nyundo na za seismomita zihifadhiwe halmashauri na chuoni zikiwa na majira ya nukta za ramani, tarehe na jina la chombo kilichotumika, ili atakayeifanya upya tathmini hii baada ya tetemeko lijalo asilazimike kuyachimba tena mashimo yale yale.